Tulipomuulizia Nadir

Siku wanaume walipotembea na viatu vya mchuchumio Mji Mkongwe, nilimwambia mume wangu nakwenda Darajani kununua bizari. Nilikwenda Shangani. Nilikaa kwenye baraza ya duka moja la vinyago, nikavuta mtandio hadi puani, nikangoja. Mchango wa siku ile ulikuwa wa nyumba wanamopokewa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na binti yangu mkubwa, Shemsa, alipata kukaa katika nyumba hiyo, mkono wake umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kwenda kutazama, bizari au bila ya bizari.

Mji ulikuwa umeshagombana juu ya matembezi yale. Wengine walisema ni haramu mwanamume kujifananisha na mwanamke, wengine wakasema ni mzaha wa wageni tu, na akina mama wa jumuiya iliyoyaandaa wakajibu kwamba hakuna atakayevaa gauni: ni suruali, shati, kofia kwa mwenye kofia yake, na viatu basi. Walipotokeza kwenye kona, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Sijapata kuona wanaume wakitembea kwa adabu namna ile. Visigino vilizama kwenye nyufa za barabara, magoti yakapinda, mikono ikatafuta kuta. Mmoja alivua vyake akaendelea pekupeku huku anazomewa, na wasichana waliokuwa wakipitisha ndoo za mchango walicheka kuliko sote. Nami nilicheka, mpaka nilipomuona Nadir.

Nadir ndiye aliyeleta posa ya binti yangu mdogo, Nusrat. Wazee wake walikuja, wakala halua, wakanywa kahawa, na mume wangu Amour akawaambia watupe nafasi tuulizie. Kwetu ndivyo ilivyo, binti hatolewi mpaka mchumba auliziwe. Mwanamume huuliza msikitini na barazani, mwanamke huuliza kwa majirani, na mchumba mwenyewe haulizwi kitu. Sasa huyo hapo kijana tunayemuulizia, kavaa viatu vyeupe vya harusi katikati ya Shangani, jasho linamtiririka, hacheki wala hasalimiani na mtu. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kumgusa. Niliinuka nikarudi nyumbani, na bizari sikununua.

Habari ilikuwa imeshanitangulia. Amour alikuwa amekaa ukumbini, kanzu yake imepanda magotini, dalili kwamba amekasirika.

"Mama Shemsa, nnaambiwa yule kijana kavaa viatu vya kike."

"Nani kakwambia?"

"Barazani wanalizungumza. Ikiwa kweli, posa nnairejesha. Mwanamume wa namna hiyo hamuoi mwanangu."

"Na ikiwa si kweli?"

"Kaulizie basi. Hiyo kazi yako."

Sikumwambia kwamba nimemuona kwa macho yangu. Nilitaka kwanza nijue nitaambiwa nini, kwa sababu kuulizia kulishanitia hasara mara moja. Tulipomuulizia Talib, aliyekuja kuwa mume wa Shemsa, nilikwenda nyumba moja ya ghorofa Malindi. Talib alikuwa akikaa ghorofa ya juu, kina Nadir chini, na katikati alikaa Bi Mwanakheri, ambaye anajua hata chungu cha nani kimeungua. Bi Mwanakheri aliniambia kijana hana neno, anasali, hanywi, anamheshimu mamake. Alikuwa ameshaacha mke, Mtumbatu mmoja aitwaye Sichana, lakini hawakuelewana tu, mambo ya kawaida. Nikarudi nyumbani na furaha yangu. Shemsa aliporejea kwetu na mkono uliovunjika, ndipo nilipokuja kusikia kwamba hata Sichana alizishuka ngazi za nyumba ile mdomo umejaa damu.

Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya. Kumsema kijana wa watu wakati wa posa ni kumkatia riziki, na kumsitiri watu wanakuhesabu kuwa ni thawabu. Hasira yangu na sitara ya namna hiyo haijaisha mpaka leo. Nusrat alikuwa anamtaka Nadir, hilo nililiona kwa namna alivyokuwa akijifanya hana habari naye, nami nikawa sijui nimtoe mwanangu wa pili kwa neno la nani.

Basi nilirudi Malindi. Bi Mwanakheri alikuwa anapepeta mchele. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia kahawa, akaendelea na ungo wake.

"Nnamuulizia Nadir," nikasema.

"Kijana hana neno."

"Nasikia katembea na viatu vya kike."

"Si yeye. Kafanana naye. Nadir siku hiyo alikuwa hapa hapa, kanipandishia mtungi wa gesi."

Aliyasema hayo bila ya kuinua macho, kwa utulivu ambao nusura unitie shaka na macho yangu mwenyewe.

"Una hakika, Bi Mwanakheri?"

"Nshakwambia hana neno. Wewe unataka kuoza au unataka kupeleleza?"

Nilimaliza kahawa kwa kuwa kuiacha kungekuwa ugomvi. Mwanamke huyu alikuwa ananifichia jambo ambalo mji mzima umeliona mchana kweupe. Nikawa najiuliza yale yasiyoonekana anayafichaje.

Kwenye ngazi za mlangoni, chini, nikakutana na Nadir anarudi kutoka duka lake la kutengeneza simu. Alikuwa anapanda polepole, ameshikilia ukuta, na visigino vyote viwili amevibandika plasta.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba."

Desturi ilinitaka nipite. Nilisimama mbele yake nikamzibia njia.

"Nadir, Bi Mwanakheri kanambia siku ya matembezi ulikuwa hapa, unampandishia gesi."

Alitazama juu, kisha akatazama miguu yake. Mlango wa kutokea alikwisha kufunguliwa na mwengine, yeye alichotakiwa ni kunyamaza tu. Nilikuwa naomba moyoni asinyamaze, na papo hapo naomba anyamaze, maana Nusrat angelia.

"Hapana, Bi. Gesi nlimpandishia jana. Siku ile nlikuwa natembea."

"Na viatu?"

"Na viatu."

"Mume wangu akilijua hilo, posa inarudi."

"Nnajua. Nshaambiwa."

Nilifurahi, sifichi. Nikampisha njia, nikaanza kushuka, akaniita.

"Bi Rukaiya. Kuna jengine hujanuliza." Alikuwa ameushikilia ukuta kwa mikono miwili. "Bwana Amour alinuliza mimi juu ya Talib. Tulikuwa tunatoka kusali laasiri. Sisi tulikuwa tukikaa chini yake, na nyumba hii inashusha kila sauti. Sichana tulikuwa tukimsikia. Nkamwambia Bwana Amour kijana hana neno."

Nilitaka kumpiga kibao. Mkono uliinuka, nikaushusha.

"Kwa nini?"

"Nliogopa kusemwa. Watu wangesema nimemharibia mwenzangu."

"Na hivyo viatu vimemrejeshea Shemsa mkono wake?"

"Havijamrejeshea kitu. Mwanzo nlinyamaza ili nisisemwe. Safari hii nkaona bora wanseme."

Nikatoka. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nalia chini ya mtandio, na nilikuwa namchukia kijana yule kuliko nilivyomchukia Bi Mwanakheri, kwa sababu yeye alikiri kosa lake, nikapata mtu wa kumlaumu.

Nilimweleza Amour yote mbele ya binti zetu. Shemsa alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mkono wake usionyooka ameuweka pajani, na Nusrat amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye viatu, Amour alitikisa kichwa kwa uchungu. Nilipofika kwenye la Talib, akapunga mkono.

"Hilo kila mtu angesema vile. Kamsitiri jirani yake. Lakini viatu, Mama Shemsa. Viatu."

"Baba Shemsa," nikamwambia, "viatu vimekuuma kuliko mkono wa mwanao."

Shemsa aliacha kukuna. Hakupandisha sauti.

"Baba, angekwambia kweli siku ile, ungenioza?"

"Nisingekuoza."

"Basi," akasema, akaendelea na nazi yake.

Nikamuuliza Nusrat anasemaje. Akasema hawezi kusema mbele ya dada yake.

"Sema," Shemsa akamwambia. "Wako kasema mabaya yake mwenyewe bila ya kuulizwa. Mimi sikupata wa kunambia hata moja."

"Nnamtaka," Nusrat akasema, akaanza kulia. "Lakini kwanza aje akwambie wewe, kama alivyomwambia mama."

Shemsa alikubali kwa kichwa. Sote tukamtazama Amour. Alikuwa anaangalia sakafu, anasugua magoti yake.

"Abdulhakim alinuliza juzi," akasema. "Binti yake, Sumaiya, kaposwa na mtoto wa jirani yetu wa nyuma. Alinuliza kijana yukoje."

"Ukamwambia nini?"

"Nkamwambia hana neno."

"Na analo?"

Kijana yule tulikuwa tukimsikia sote anavyompiga mama yake. Amour aliinuka, akachukua kofia yake msumarini, akaivaa. Nikamwambia chai yake tayari, akasema atakunywa akirudi.

"Waambie kina Nadir waje," akasema mlangoni, "na mwenyewe aje aseme na Shemsa."

Kisha akatoka. Alikuwa anakwenda kwa Abdulhakim kusema kweli, na kwa kweli hiyo kumkosa jirani yetu wa nyuma aliyekua naye tangu utotoni, na alikwenda mbio mbio, kabla hajabadili nia.