Kivuli cha Kabanyana

Alhamisi moja ya mwaka 2009, breki za pikipiki ya Kalume zilikatika katika mteremko wa Kakoba, mjini Mbarara, nayo ikamgonga Kabanyana, muuza maziwa, ikamvunja mguu wa kushoto. Watu walimwinua wakampeleka hospitali. Kivuli chake hakikuinuka. Kilibaki kimelala juu ya lami, miguu yote miwili imenyooka, na vyombo vya moto vikakizunguka kama vinavyozunguka shimo.

Kalume, mzee wa kanisa kule Rubondo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hakutoroka. Alikuwa na bima. Aliinunua kama sheria ilivyoagiza, ili atakayeumizwa naye asikose matibabu.

"Stika ya bima iko wapi?" askari wa trafiki aliuliza, huku akikizungushia kivuli mstari wa chaki.

"Iko ku nyumba, afande. Ndani ya kitabu cha nyimbo."

"Inaimba?"

"Karatasi ya Leta banaichunga, afande."

Mtu aliyekimbia Kivu ya Kusini, kule Kongo, bila hata cheti kimoja haachi karatasi ya serikali inyeshewe mvua. Kalume aliihifadhi kwenye nyimbo za Krismasi, ambazo hufunguliwa mara moja kwa mwaka.

Jumatatu, akiwa na kibali cha kutoka makazini, aliipeleka kwenye kampuni ya bima. Karani aliisoma mbele na nyuma.

"Ni halali, mzee. Lakini bima hukinga kile ilichowekwa juu yake. Hii imekinga kitabu."

Kitabu kilikuwa kizima kabisa. Kalume aliichukua stika yake akaondoka.

Aliiandikia ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Baada ya miezi minne likaja jibu lenye mihuri miwili: kampuni imefuata kanuni, aliyeumia anaweza kukata rufaa, mradi afike mwenyewe pamoja na kivuli chake, kwa kuwa ripoti ya polisi inakitaja. Kalume aliisoma barua mara tatu, kama atafutaye aya iliyorukwa.

Alimkuta Kabanyana ameketi mlangoni, juani, bila kivuli. Mguu ulikuwa umeunga upande. Daktari alikuwa tayari kuunyoosha, endapo bima ingelipa.

"Twende tukichukue, mama. Nitakubeba."

"Kwa pikipiki yako hiyo? Asante, mzee. Mimi natembea."

Walifika mteremkoni polepole. Kabanyana aliweka nyayo zake juu ya nyayo za kivuli, akavuta. Mguu wake haukulingana tena na ule wa kwenye lami. Bila matibabu kivuli hakingemrudia. Bila kivuli hangetibiwa. Aliokota mkongojo wake akarudi nyumbani.

Kivuli kingali pale. Kwa kuwa kila dereva hupunguza mwendo akikifikia, askari wamepafanya mahali pao pa kukagua stika. Kalume husimamishwa hapo kila anapompelekea Kabanyana maharagwe. Stika yake sasa imebandikwa mbele ya pikipiki. Mvua imeifuta, haisomeki hata herufi moja.

"Safi, mzee," askari humwambia. "Pita. Usikanyage mama."