Mguu wa Mkopo

"Nipe mguu, Dada."

"Si nimeshakupa?"

"Hujanipa. Umenikopesha tu. Nikiuachia sasa hivi utabaki hewani."

Akauachia. Kweli bwana, mguu wangu wa kulia ukabaki juu, mgumu kama ubao, na mimi nimelala chali natazama dari kwa aibu. Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Ilikuwa alasiri, pazia la njano limefungwa, na mwanga uliopenya ulikifanya chumba kizima kuwa cha njano, pamoja na mikono yake. Yeye ni mtaalamu wa viungo, kazi yake kukanda watu na kuwarudisha miguuni. Mimi ni dobi. Miaka yote nimesimama mbele ya meza ya pasi, uzito wote upande mmoja, mpaka nyonga ikaanza kuuma, misuli ikaisha nguvu, na asubuhi moja mguu ukanikatalia mbele ya wateja. Nikaenda chini na shati la mtu mkononi.

"Nyonga hii itaninyonga," nilimwambia kwenye simu, nikijifanya natania. Akaja siku hiyohiyo, akanipima, akanipasulia ukweli: misuli ile isipoamka, sitasimama tena bila kushikwa. Sasa nisiposimama, mimi ni dobi gani?

Basi akawa anakuja kila alasiri. Alianza kwa kukanda, kidole gumba kikizama pembeni mwa nyonga penye fundo, nami nauma mto na kumtukana. Kisha alitaka aubebe mguu, auzungushe taratibu, mimi nilegee. Hapo ndipo tuliposhindwana. Mama alipofariki, huyu alikuwa hajaanza kutembea. Mimi ndiye niliyembeba ubavuni, kwenye nyonga hiihii, nikifua, nikipika, nikienda dukani. Tulimwita Gundi kwa jinsi alivyoniganda. Leo Gundi ananiambia nimpe uzito wangu! Niliogopa ataumia mgongo. Niliogopa kweli.

"Mimi mzito, Gundi."

"Najua. Nina macho."

"Utachoka."

"Nikichoka nitasema. Wewe mbona hukuwahi kusema?"

Nikafumba macho. Nje, maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, tone, kimya, tone, na mguu ukawa unazunguka, unazunguka, mpaka sikujua tena ni wangu au wake. Nikajikuta uani, jua kali, mashuka meupe yanapepea pande zote, na mtu amenibeba. Uso wake sikuuona. Nilijua tu kwamba miguu yangu haigusi chini na hakuna anayenihimiza nishuke. Nililia humo ndotoni, kwa raha.

Nilipofumbua macho, mwanga wa njano ulikuwa umetoka chumbani. Gundi alikuwa amepiga magoti palepale kitandani, mguu wangu mikononi, mabega yanatetemeka, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Mbona hukuniamsha, we mtoto?"

"Nikuamshe nipate matusi?"

Akashuka, akainama miguuni pa kitanda, akauweka wayo wangu kifuani pake. "Haya, sukuma."

Nikasukuma kidogo.

"Dada, usinihurumie. Sukuma!"

Nikasukuma. Ndani kabisa ya nyonga kitu kikashtuka, kikatetemeka, kikakaza. Lo! Gundi akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kabati, milango ikafunguka, na nguo zote zikamwangukia kichwani. Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Alipoinama kuziokota, nikaona mvi utosini mwake. Nyingi, tena si za jana. Zilitoka lini, na mimi nilikuwa wapi?

"Ziache," nikamwambia.

Nikashuka kitandani. Alinyoosha mikono anidake, kisha akairudisha mwenyewe, akakaa sakafuni. Nikasimama mbele yake, nikaokota shati la kwanza, nikaanza kukunja.