Kilomita Elfu Nne za Siwema

Usingizi wa uwanja wa ndege hauna mto wala shuka. Humnyakua mtu kitini, begi miguuni. Ndivyo unavyomnyakua Siwema asubuhi hii, hapa Maskat, machozi hayajamkauka. Mama yake amefariki jana Dar es Salaam. Ni kilomita elfu nne hivi, mwendo wa saa tano na ushei, na ndege itatua adhuhuri. Lakini kaka yake, Shomvi, amemwandikia kwenye simu: Maziko saa 10. Wahi. Saa 10, na tiketi yake inasema anatua saa 12! Atakuta kaburi limeshafukiwa, na mama aliusia aoshwe na yeye, binti yake wa pekee. Madamu, mwajiri wake hapa Maskat, naye amepiga: rudi, Siwema, maiti hakuoni, na mimi nina wageni. Miaka tisa amewafulia na kuwapikia, pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini mwao. Jana ndiyo wamempa, kama wanatoa sadaka. Bora nirudi tu, anawaza, na anafumba macho kidogo.

Mara yuko barabarani, barabara ya kioo isiyo na mwisho, miji imening'inia chini juu, na kila nyumba ni ya mama, baraza ileile ya Buguruni, na kila mlango una saa ya ukutani. Kibao kinasema: Nyumbani, kilomita elfu nne. Anapiga hatua, kinasema elfu tisa. Anakimbia, kinasema elfu ishirini. Ubavuni mwake anatembea mchukuzi wa mizigo asiye na uso, mahali pake ni bapa kama kitako cha sufuria, amekumbatia majani ya mkunazi, yale ya kuoshea maiti. Baba, anamwuliza, nyumbani ni mbali gani? Kwa kunguru karibu, kwa mtumwa wa saa mbali. Hee, nijibu kama mtu! Nijibu wewe kwanza: kwenu jua huchomoza saa ngapi? Siwema anatazama saa mkononi. Saa sita. Miji yote inaangua kicheko, vioo vinatetema. Sita! Mama yako alikuwa akikuamsha sita uende chuoni kusoma Kurani? Siwema anawaka: Msinicheke! Miaka tisa naamshwa kwa saa yao, nikichelewa dakika moja natukanwa mimi na ukoo wangu! Kicheko kinakatika. Sauti ya mchukuzi inalainika, inakuwa sauti anayoijua tangu tumboni. Pole, mwanangu. Pasi walichukua. Na jua pia umewaachia? Anamtia majani mkononi. Hesabu upya, kwa pingili za vidole, kama nilivyokufundisha. Siwema anayafikicha, anahesabu: jua linachomoza kumi na mbili, moja kweupe, adhuhuri sita, saba, nane, tisa, kumi… kumi watu wanatoka kuswali alasiri! Barabara inajikunja kama jamvi. Kibao kinasema: Ukitua, umebakiwa na saa nne.

Anaamka, au anadhani ameamka. Abiria wanaitwa mara ya mwisho. Simu inalia, ni madamu. Siwema, uko wapi? Naenda kumwosha mama yangu. Na wageni wangu je? Jikoni unapajua, madamu. Anaivua saa, anaiacha kitini, anashika foleni. Vidole vyake ni vya kijani, vinanukia mkunazi. Mlangoni mkagua tiketi ameinamisha kichwa, uso hauonekani, ananyoosha mkono.

Wahi, mwanangu, anamwambia. Maji tumeshateka.