Taa Iliyozibwa

Honi ya gari la Mzee Mtoro, linalowapeleka wajawazito hospitali Kibiti, ilikuwa imehamishiwa kwenye swichi ya kengele ya mlango. Fundi Nasma alifungua usukani akakuta utepe wa nyaya unaopeleka umeme kwenye honi na mfuko wa hewa umekatika. Taa inayoonya kwamba mifuko ya hewa haifanyi kazi ilikuwa imezibwa kwa selotepu.

"Nani kaziba?" akamuuliza mzee.

"Fundi wa kwanza. Kasema inasumbua tu."

"Inasumbua? Baba, ukigonga, mifuko haifunguki! Unabeba wake za watu!"

"Mie nawahi abiria kule Ndundu, mwanangu. Rudishia tu usukani ulivyokuwa."

"Sirudishii!"

Akachomoa waya wa betri, akanyoosha magurudumu, akaanza kufunga utepe mpya.

Mzee Mtoro akampigia simu yule fundi wa kwanza.

"Mkeo ana mimba, sivyo? Ungempakia humu?"