Mkono wa Kushoto wa Sultani

Usingizi unamchukua Mize mchana kweupe, nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya furushi la majoho na kilemba cha hariri kiko mapajani mwake, na kabla hatujamfuata huko anakokwenda ni vizuri tujue kwamba analala na nia mbaya. Kikundi chao ni cha wanawake peke yao, na mchezo wao ni ule wa kale wa Sultani aliyemfukuza mama yake, kisha akarudi kuinama miguuni pake. Kwa miaka kumi na saba Sultani ni Mize. Ndevu ni zake, joho ni lake, na akina mama wa mji mzima humwita Bwana hata akiwa sokoni anachagua bamia. Leo, baada ya swala ya alasiri, Sultani ni Zuwena, msichana wa miaka ishirini na mitatu, kwa sababu goti la kulia la Mize limechoka, na Bi Arafa, mkuu wa kikundi, amesema basi, inatosha. Na desturi yao haina huruma: Sultani anayeondoka ndiye anayemfunga kilemba yule anayeingia, kwa mikono yake, na mkono mwingine haugusi. Mize analijua fundo la kweli, na analijua fundo la uongo, lile linaloshika vizuri ukisimama na kufunguka ukiinama. Kilemba kikianguka mbele ya watazamaji nywele zinaonekana, Sultani amekwisha, na kicheko cha watu kitamfuata msichana mpaka uzeeni. Roho inamuuma Mize, wala hajidanganyi kwamba haimuumi. Anafumba macho akijiambia moyoni, namfunga la uongo.

Anapoyafumbua, pazia limefunguka lakini ukumbi haupo. Kuna barabara nyeupe inayokwenda mbali na kujikunja na kurudi ilikotoka, naye anatembea juu yake amevaa ndevu, kilemba mkononi, goti haliumi. Mbele yake anatangulia mtu wa kanzu asiye na uso, mahali pa uso pako laini kama yai lililomenywa. Mize anamuuliza, ndugu yangu, jukwaa liko wapi? Asiye na uso anajibu, nina kitu, nikikupa ninabaki nacho, nikikunyima kinanifia. Mize anasema, nimeuliza njia mimi, sikuomba kitendawili. Basi fuata, anasema yule, na barabara inapinda na kuwa mji, mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo anapita Sultani, kwa joho la Mize, kwa ndevu za Mize, ila uso ni wa Zuwena. Na anachechemea. Hapo Mize anasimama. Miaka mitatu sasa anauburuta mguu wa kulia jukwaani kwa maumivu, anajikaza kisabuni asionekane, na huyu msichana, aliyekaa pembeni kila siku ya mazoezi akimtazama bila kupepesa, amedhani ndio mwendo wa kifalme. Ana magoti mazima na anachechemea kwa madaha. Watu wa mji ule wamejaa madirishani, wanaambiana, tazameni anavyokwenda, yule ndiye mwanamume. Mize anapaza sauti, mguu huo ni wangu, hata ugonjwa wangu mnampa yeye? Hakuna anayegeuka. Gere, wivu ule wake, inampanda, anapiga kioo kwa ngumi, na kioo kinamrudishia Zuwena anayepiga kioo kwa ngumi.

Asiye na uso anamuuliza, anayemfukuza mwizi amevaa nguo ya nani? Nimevaa yangu, anasema Mize, niliitolea jasho. Yule anasogea pembeni, na nyuma yake pana ua ambao Mize anaujua, ua wa Bi Salme, aliyekuwa Sultani kabla yake na ambaye alikufa miaka minane iliyopita. Bi Salme yuko uani anafanya mazoezi, chungu kinachemka jikoni, mkono wake wa kushoto umekunjwa ubavuni, kiwiko nje, ngumi imefumbwa. Huo ndio mkono wa Sultani. Akina mama wakiuona hupiga vigelegele, husema ameshika upanga usioonekana, na Mize aliuiga mbele ya kioo cha kabati mwezi mzima mpaka bega likavimba. Sasa anauona kwa karibu, na juu ya mkono ule amelala mtoto mchanga. Bi Salme anamsemesha mama wa Sultani kwa sauti nzito ya kiume huku akimbembeleza mwanawe, kwa kuwa hana wa kumwachia. Shikamoo Bi Salme, anasema Mize. Marahaba mwanangu. Mbona hukuniambia kwamba ni mtoto? Bi Salme anasema, hukuuliza, ulikuwa umeshauchukua mkono wangu na umeuvaa vizuri kuliko mimi. Ulinionea gere? anauliza Mize. Bi Salme anacheka, anamhamishia mtoto bega la pili, anasema, siku ile ninakufunga kilemba nilitaka wakucheke mpaka uhame mji. Na ulinifunga fundo gani? Bi Salme anaenda kupakua chakula.

Zuwena anatoka ndani ya ukuta, anakaa chini mbele ya Mize, anatoa shingo. Nifunge, Bi Mize, anasema, wameanza kuingia. Mize anazungusha hariri, anafunga fundo la uongo, mikono inalijua. Kisha anaiona shingo ya msichana, majasho yametanda, mshipa unaruka, analifungua na kufunga la kweli. Kisha anausikia mji unasema, yule ndiye mwanamume, na analifungua tena. Anafunga, anafungua, hariri inazidi kurefuka, haina mwisho, na Zuwena hageuki wala haulizi.

Vigelegele vinamwamsha. Yuko juu ya furushi na mapaja yake ni matupu. Kupitia mwanya wa pazia anamwona Zuwena jukwaani, mkono wa kushoto ubavuni, anachechemea kuelekea onyesho la mwisho, na kilemba kiko kichwani. Bi Arafa amesimama kando. Nani amemfunga? anauliza Mize. Bi Arafa anasema, wewe una nini leo, umemfunga wewe mwenyewe, nikiwa hapahapa, ndipo ukajilaza. Nimemfunga fundo gani? Bi Arafa anashangaa, anasema, kwani yako mangapi?

Mize anaitazama mikono yake. Inayakumbuka mafundo yote mawili, na hajui lipi alilifunga kule na lipi alilifunga hapa, wala kama hapa ni hapa, maana taa za jukwaani zinamulika nyuma ya Bi Arafa na uso wake hauonekani vizuri. Wivu haujaondoka. Uko palepale, mbichi, na akina mama wanaposema Bwana, yeye anaona wanamwita mtu mwingine kwa jina lake. Zuwena anafika mbele ya mama wa Sultani. Msichana anaanza kuinama, taratibu, na Mize anajikuta amekishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, amekibana kwa nguvu zake zote.