Vichwa vya Diski ya Talha

Eda ya Naima ilikuwa haijafika nusu alipojitanda baibui na kutoka nje mchana kweupe. Wifi yake, Zubeda, alimkuta mlangoni, mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi, wifi? Kaka yangu hata udongo haujamkauka!"

"Nakwenda kumsikiliza."

Zubeda alidhani msiba umempanda kichwani.

Talha, mumewe, alikufa ghafla, akaacha kompyuta ya kubeba aliyopewa kazini bandarini. Jioni alikuwa akiichomekea kipaza sauti, anajirekodi akipiga soga, basi tu, kwa kujifurahisha. Katika purukushani za msiba mtu akaiangusha. Tangu hapo kila ikiwashwa ilitoa tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Picha za Talha zilikuwa tele. Sauti yake haikuwapo kwingine.

Kutoka Temeke hadi Kinondoni Naima hakuinua macho. Benedikto, fundi na rafiki wa marehemu aliyepelekewa kompyuta ile, alikuwa amefunika madirisha ya chumba kwa nailoni na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale.

"Nisamehe kukuita, shemeji. Vichwa vya kusomea vilikufa. Ni kama sindano ya santuri, bila hivyo diski haisemi. Nimepata kompyuta ya aina hii hii, mbovu kioo tu, nimechomoa vyake nikavitia humu. Lakini diski imekwaruzika. Vitasoma kidogo, vife navyo. Sasa tuanze na jalada lipi? Hilo mie nisingeweza kukuamulia."

Akawasha. Diski ikavuma. Majina yakajipanga kiooni: KAZI, MELI, SOGA, NAIMA.

"Chagua, shemeji. Upesi!"

"Naima," alisema. Nani angechagua jingine?

Ikatoka sauti ya mwanamke, kali: "Zima hicho kidude, Talha! Chakula kinapoa. Kila siku kidude, kidude, si ungekioa hicho!"

Nyuma yake mwanamume akacheka, cheko fupi la puani, kisha akavuta pumzi ili ajibu.

Krrr. Halafu tik, tik, tik.

Benedikto akazima umeme. Akawa anaifuta bisibisi ambayo haikuwa chafu.

"Alikuwa anataka kunijibu," Naima alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Angesema nini?"

"Sijui, shemeji. Alikuwa na maneno yule."

Nyumbani, shangazi zake Talha walikuwa wamekwishaitwa, wamekaa mkekani. Zubeda alisimama katikati yao akilia machozi ya kweli.

"Umevunja eda ya kaka yangu kwa ajili ya kidude! Waombe radhi hawa. Neno moja tu, yaishe."

Kidude. Naima alivua baibui, akalikunja, akakaa mahali pake pale ukutani. Masikioni bado alikuwa na lile cheko, na ile pumzi iliyovutwa isirudi.

"Siombi," alisema. "Wala kesho sitaomba."