Barua ya Wodi ya Wazazi

Halmashauri ilipotangaza kwamba wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya itafungwa, chumba kigeuzwe stoo ya viti vya mikutano, wakazi wa mtaa walimwachia Bwana Aidha aandike barua ya kupinga. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kufika sentensi ya pili bila kusema "aidha". Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na suti yake ya kahawia ilikuwa imehudhuria vikao vingi kuliko diwani yeyote.

Alikwenda kuisomea saluni, maana huko ndiko kinamama walikopatikana. Msusi mwenye saluni alikuwa anamsuka wifi yake, mke wa kaka yake, mwenye mimba kubwa. Mikono yake iliendelea kusuka; masikio yakamsimama.

"'Mheshimiwa Mwenyekiti,'" Bwana Aidha alianza, "'kwa unyenyekevu na taadhima, sisi watoto wako tunakupongeza kwa uongozi uliotukuka. Aidha, tunaipongeza ofisi yako kwa kupaka geti rangi mpya...'"

Geti likasifiwa. Barabara ambayo haijajengwa ikashukuriwa. Chini kabisa, kama mgeni aliyekosa kiti, ikajitokeza sentensi moja ikiomba suala la wodi litazamwe kwa jicho la huruma.

"Mzee wangu," msusi alisema, "hapo umepinga au umeposa?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Bwana Aidha akakunja karatasi yake taratibu. "Wakubwa wana lugha yao, mwanangu. Kama unaijua kuliko mimi, andika wewe."

Akaandika. Siku hiyo hiyo, wateja walipopungua, alikaa chini ya drayeri iliyozimwa akamwaga yote yaliyomjaa rohoni. Aliwaita madiwani kupe. Aliwauliza kama mama zao waliwazalia juu ya viti, ndiyo maana wanavipenda hivyo. Alicheka peke yake mpaka machozi, kisha akampelekea wifi yake.

Wifi alisoma, akacheka akijishika tumbo. Halafu akamrudishia.

"Tamu kweli. Lakini wifi, umewaomba nini humu?"

"Kwani hujaona?"

"Nimeona unavyowadharau. Sijaona unachotaka wafanye. Watakasirika, wataitupa, na mimi nitajifungulia kwenye pikipiki."

Msusi alinuna, kwa kuwa ni kweli. Kilichomuuma zaidi ni kugundua kwamba barua yake na ya Bwana Aidha zilikuwa ndugu wa tumbo moja: yule alionyesha adabu yake, yeye akaonyesha ulimi wake. Wodi ilikuwa imesahauliwa na wote wawili. Jambo hilo aliapa kutomwambia mzee hata kwa dawa.

Kesho yake alikwenda kituoni kuzungumza na mkunga. Aliuliza wazazi watapelekwa wapi. Hospitali kubwa, akajibiwa, ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha sana daraja halipitiki. Akaandika hivyo hivyo. Akaandika habari za jirani aliyefikishwa wodini mtoto ameshatanguliza miguu, na leo mtoto huyo anasoma. Kisha akaomba jambo moja tu: wodi ibaki, na viti vikae ukumbini vinakotumika. Kufuta neno "kupe" kulimuuma kama kung'olewa jino. Kinamama wakatia saini, na Bwana Aidha naye akatia, kwa herufi kubwa kuliko za wote.

Kikaoni, ambako msusi aliipeleka mwenyewe, Mwenyekiti wa halmashauri aliishika barua kwa ncha za vidole.

"Hii barua haina hata pongezi."

"Pongezi tumeziweka akiba, Mheshimiwa," msusi alijibu. "Mkiiacha wodi ibaki, tutawaletea."

Diwani mmoja, mama mtu mzima, akaficha tabasamu. "Lakini kwa kweli, Mwenyekiti, viti visikae ukumbini kwa nini?"

Mwenyekiti alikohoa. Akatazama dari, akamtazama katibu, katibu akatazama kalamu.

"Ni suala la mwonekano," akasema hatimaye.

Hata wenzake walishindwa kujizuia kucheka. Waliamua wodi ibaki mwaka mmoja "wakati suala likifanyiwa tathmini", maana waheshimiwa hawawezi kukubali jambo bila kuliwekea mlango wa kutorokea. Lakini ilibaki, na wifi akajifungua humo binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Kwenye mkutano wa wakazi Bwana Aidha alisimama, akaeleza kwa kirefu jinsi barua "tuliyoiandika" ilivyotikisa halmashauri. Watu wakampigia makofi. Wifi, mtoto begani, alimgusa msusi kwa kiwiko.

"Na wewe unamwangalia tu?"

"Mwache ashibe," msusi alisema, naye akipiga makofi. "Mwaka ukiisha tutamhitaji, yeye na suti yake."